Mguu Haupimwi kwa Simu

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Kabla ya safari hii sikuwahi kuvuka mpaka wa nchi, na baridi kali kuliko zote niliyoijua ni ile ya Lushoto, ya kulala na mablanketi mawili mwezi wa Julai. Dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa Rwanda, aliponipigia simu akasema, "Njoo uone tunapoishi, ila beba sweta," nilitia sweta moja kwenye begi nikaona nimejitayarisha.

Dada ni muuguzi. Anaishi Mudende, wilaya ya Rubavu, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Rwanda, pale nchi inapopakana na Kongo. Ana binti wa miaka kumi, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, nami ni mama yake mdogo, ingawa tulikuwa hatujaonana tangu ananyonya. Kwetu pilika za sare na madaftari ni za Januari. Wao shule zinafungua mwaka mpya Septemba, na mimi nilikuwa nafika mwisho wa Agosti. Nikamwambia dada, "Viatu vya shule vya mtoto niachie mimi." Akaenda kusoma soli ya viatu vya mwaka jana, akarudi kwenye simu: "Anavaa thelathini na mbili." Nikaiandika nyuma ya tiketi ya basi.

Basi kutoka Dar es Salaam lilikata nchi nzima: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Usiku uliingia ukatoka tukiwa njiani. Siku ya pili tukafika Rusumo, ambako mto Kagera unaporomoka kwenye mwamba kwa kishindo, na mvuke wake unapanda hadi usawa wa daraja. Nilitegemea kugongewa pasi upande huu, kisha nianze foleni nyingine upande wa pili. Kumbe maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, dirisha la kutoka limepakana na la kuingia, kama ndugu wanaouza duka moja.

Tuliporudi kwenye basi na kuondoka, moyo ulinipasuka. Tulikuwa tunakwenda upande wa kulia wa barabara, na lori kubwa linakuja kwa kushoto! Nikakamata kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mama niliyekaa naye, Mnyarwanda anayefanya biashara Kahama, akanishika bega. "Tulia, mdogo wangu. Huku magari yanapita kulia. Na saa yako irudishe nyuma saa moja." Nikarudisha. Nilichukua muda kuzoea, kwa sababu kila gari lililokuja mbele yetu macho yangu yaliliona limekosea njia.

Siku ya tatu nilitoka Kigali kwenda Gisenyi. Kwetu kwenye daladala nafasi haiishi, hata mlangoni pana watu. Hapa gari lilijaa viti, mlango ukafungwa, likaondoka, na hakuna aliyesimama. Kisha ikaanza milima. Usambara naijua, lakini Usambara ina mahali pa kushuka, ukafika Mombo ukakuta tambarare na mikonge. Hapa mlima ukiisha unaanza mwingine, na yote imelimwa mpaka kileleni, vipande vidogo vidogo vya kijani vilivyoshonwa pamoja kama kanga za viraka. Jirani yangu alikuwa akiongea na simu kwa Kinyarwanda, sielewi neno, mara nikasikia wazi kabisa, "saa mbiri." Nikageuka. Alikuwa akisema saa mbili, na alimaanisha saa mbili yetu hasa, ya asubuhi baada ya jua kuchomoza. Sijui kwa nini jambo dogo hilo lilinifariji namna ile. Nilijiona sijafika mbali sana na nyumbani.

Gisenyi niliiona kutoka juu, barabara inaposhuka, na mdomo wangu ukatamka "bahari" kabla akili haijafikiri. Maji mapana ya buluu, mchanga, minazi tu ndiyo iliyokosekana. Lakini upepo wake hauna chumvi. Ni ziwa Kivu, na lipo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Lushoto yetu. Fikiri hapo: mtu wa Tanga anapanda mlima mpaka Lushoto, kisha akifika anakuta ufuko.

Furaha nyingine ilikuwa masikioni. Goma ya Kongo imeshikana na Gisenyi kiasi kwamba watu wanavuka mpaka kwa miguu kila siku, na Kiswahili kinavuka nao. Rwanda imekifanya lugha rasmi tangu 2017, lakini pale mjini hakikusubiri sheria. Nguo za mitumba wanaziita "caguwa". Nililirudia neno hilo mara mbili ndipo nikalitambua: chagua! Nikaona mbele yangu marundo ya Tangamano na wauzaji wetu wakiita wateja. Serikali yao ilipandisha sana ushuru wa mitumba mwaka 2016, kwa nguo ukafika dola 2.5 kwa kilo, kwa hiyo viatu vingi vya shule nilivyoviona vimepangwa barazani vilikuwa vipya, vyeusi, vinang'aa.

Nikaingia duka moja. Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo, Kiswahili chake cha Goma. "Karibu, mama. Biatu bya mtoto? Mtoto iko wapi?"

"Yuko Mudende," nikasema. "Namba yake ninayo."

Alinitazama kidogo, akataka kusema neno, akaliacha. Nikachagua jozi ya 33, namba moja zaidi ili mguu upate kukua. Ilikuwa nzuri kwelikweli: ngozi nyeusi, ncha nyembamba, gidamu yenye bizimu ndogo ya rangi ya fedha. Nilivipenda mimi. Leo naandika hivyo kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia: nilinunua viatu kwa macho yangu, kwa mguu ambao sikuwahi kuuona umesimama.

Kutoka mjini kupanda Mudende nilichukua pikipiki. Dereva alinipa kofia ngumu kabla hajauliza ninakokwenda, naye alikataa kuwasha mpaka nilipoifunga kidevuni. Lami iliisha, ardhi ikageuka nyeusi. Kuta za mashamba na misingi ya nyumba ni ya mawe meusi yenye vitundu vitundu, kama mkate wa kumimina uliounguzwa. Niliokota moja tulipopumzika: jepesi, kavu, linakwaruza. Ni jamaa wa yale mawe ya kusugulia visigino, ila hapa yamejaa nchi nzima. Yametoka tumboni mwa volkeno. Mbele yetu ulisimama Karisimbi, mita 4,507, kichwa kimefunikwa wingu, na upande wa Kongo Nyiragongo, ule uliomwaga moto hadi pembezoni mwa Goma Mei 2021. Katikati ya majabali hayo watu wanalima viazi mviringo na kukamua ng'ombe. Nilipishana na vijana wanasukuma baiskeli zenye madumu ya maziwa, na baridi ikapenya sweta langu kama halipo. Tulikuwa tumevuka mita 2,000.

Mtoto alinisubiri njiani. Alinikumbatia kwa namna ya kwao, kifua kwa kifua, mikono mgongoni, bila haraka, kisha akanipa shikamoo aliyofundishwa na mama yake. Ndani nikapewa maziwa mgando, wao wanayaita ikivuguto, mazito ya kukaa kwenye kijiko. Halafu nikatoa boksi.

Akavivaa palepale. "Vinakutosha, mwanangu?"

"Vinatosha, mama mdogo. Vizuri sana."

Nikabonyeza ncha kwa kidole gumba, kama mama yetu alivyokuwa akitufanyia dukani kila Januari. Nikasikia nafasi. Nikaridhika.

Siku ya nne nilimsindikiza dada kwa mgonjwa wake, mama mmoja jirani. Miguu ya mama yule ilikuwa imevimba kutoka vidoleni hadi chini ya goti, ngozi imekuwa ngumu na yenye mabonde. Nikasema moyoni: matende. Pwani tunayajua, tumekua tukiona wazee wenye matende na mabusha, na tunajua huletwa na mbu. Dada alitikisa kichwa. "Huku juu si mbu. Ni udongo."

Aliniambia tukirudi. Wanyarwanda wanauita ugonjwa huo imidido, madaktari wanauita podokoniosi, jina lililotolewa na daktari Mwingereza, Ernest Price, aliyeuchunguza Ethiopia. Udongo wa volkeno una chembe laini kuliko unga. Mtu akitembea peku miaka na miaka, chembe zinapita kwenye ngozi ya nyayo, zinaziba mishipa midogo inayopitisha majimaji ya mwili, na mguu unaanza kuvimba. Hauambukizi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30 za Rwanda, zaidi ya watu 6,000 kwa makadirio. Na kinga yake ni maji, sabuni na viatu. "Ndiyo maana," dada akasema, "mimi nikiona mtoto na viatu miguuni nafurahi kuliko nikiona na nguo mpya."

Kwetu mchanga wa pwani ni rafiki wa mguu. Tumecheza peku mpaka jua linazama, kiatu ni cha shule na cha sikukuu, na mlangoni unakivua. Nilikuwa nimeleta viatu kama pambo la shule. Nikaanza kuvitazama kwa jicho jingine.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, na Mudende ikavaa. Shemeji na watu wake ni Waadventista, kama wengi wa pale, na siku ya ibada ni hiyo. Mizizi yao ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilifunguliwa papa hapa Mudende mwaka 1984. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalikifunga, na leo kiko Kigali. Miaka mitatu baadaye kambi ya wakimbizi Watutsi kutoka Kongo iliyokuwa Mudende ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba. Shemeji aliniambia hayo kwa sauti ya chini, akanyamaza, nami sikuuliza zaidi.

Mtoto alivaa viatu vyake vipya. Kwenda alitangulia na wenzake. Kurudi alibaki nyuma, kila mara anainama kama anayefunga gidamu. Njiani niliona watoto wawili watatu wamevivua vyao, wameshika mkononi, wanakanyaga udongo mweusi peku. Nilidhani wanavitunza visichafuke, maana hata sisi tulifanya hivyo.

Jioni maji ya moto yalimiminwa kwenye beseni, nikasema leo nitamwosha miguu mwenyewe. Akasita. Nilipomvua soksi ya kulia, uzi wake ulikuwa umegandia kisiginoni. Chini yake palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu, limepasuka. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyekundu pembeni, na juu ya vidole vingine viwili mshono wa kiatu ulikuwa umejichora wazi, kitundu kwa kitundu, ungeweza kuzihesabu hatua za sindano. Vidole vyenyewe vilikuwa bado vimekunjwa. Nilipoviweka majini vikaanza kunyooka taratibu, kimoja kimoja.

Ndipo nikaelewa ile nafasi niliyoibonyeza. Alikuwa amevikunja vidole ili nisione.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Alitazama maji. "Umetoka mbali, mama mdogo."

Sikuwa na jibu. Tunawafundisha watoto washukuru wanachopewa, na wanajifunza vizuri, wanajifunza mpaka wanaumia. Na sisi wazima tunasaidia kwa maneno yetu: kitalegea, kitazoea, vumilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini sisi hatuwaachi hata wenye kitanda waseme. Wale watoto wa njiani nao nikawakumbuka. Huenda wengine walikuwa wanatunza viatu. Huenda wengine walikuwa wanapumzisha miguu. Kiatu kinachobana huishia mkononi, na huku juu mguu mtupu una gharama yake.

Asubuhi ya Jumapili nikasema navirudisha. Dada akaniuliza kama nimeona soli. Zilikuwa na vumbi jeusi, na chini ya kisigino mkwaruzo wa jiwe. Nikachukua kitambaa chenye maji ili nizifute, dada akanizuia mkono. "Mpelekee vilivyo. Akikataa, amekataa kweli."

Nilishuka Gisenyi na mtoto, na njia nzima niliwaza nitasema nini. Madrasani, mwalimu wetu wa dini alipotusomesha mlango wa mauzo, alitufundisha kwamba mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja biashara mpaka waachane pale walipouziana, na kwamba kitu chenye kasoro iliyofichika kina haki ya kurudi. Stakabadhi za madukani kwetu zimeandikwa vingine: mali ikiuzwa hairudishwi. Lakini hata kwa darasa la mwalimu sikuwa na madai. Tuliachana siku tatu zilizopita, na kiatu hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kununua kwangu. Nilikuwa ninakwenda kuomba.

Mzee alifungua boksi, akavigeuza. Kidole chake kikapita kwenye vumbi. "Mama, hii imeshatembea."

"Imetembea," nikasema, "kwenda na kurudi kanisani. Imemuumiza." Nikamwonyesha kisigino.

Aliinama, akatazama bila kugusa. "Iko inamukaza mtoto," akasema, sasa kwa mtoto zaidi kuliko kwangu. Akafikiri. Pesa hataweza kurudisha, kwa sababu jozi hii itabidi aiuze kwa bei ya chini. Lakini atabadilisha, na mimi niongeze faranga 2,000. Nilikubali kabla hajamaliza. Kwa fedha yetu wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu nne; wema alioufanya ulikuwa mkubwa kuliko hiyo.

Kilichofuata sijawahi kukiona katika duka lolote la kwetu. Akachana upande wa boksi, akaweka kipande cha karatasi ngumu sakafuni, akamwambia mtoto avae soksi na asimame juu yake kwa miguu yote miwili. Nilikuwa nimezoea mtoto akae kwenye kigoda, mguu hewani. "Hapana, asimame," akasema. "Mguu ukibeba mwili unatanuka." Akapitisha penseli kuuzunguka wa kulia, halafu wa kushoto. Akapima kwa rula kutoka kisiginoni hadi ncha ya kidole kirefu. Wa kulia ulikuwa mrefu zaidi kidogo, sentimita 22 kamili, akasema huo ndio unaotawala, hatununui kwa mguu mdogo. Akanionyesha hesabu ya namba zile. Kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo namba tatu ni sentimita mbili. Kiatu cha 33 kina sentimita 22 ndani. Mguu wa mtoto una 22. Hapakuwa na nafasi hata ya pumzi, na ncha nyembamba ndiyo iliyomaliza kazi. Cha 35 kina kidogo zaidi ya 23: hapo mbele inabaki nafasi ya zaidi kidogo ya sentimita moja, na huo ndio mwaka wa kukua.

Alitoa jozi ya 35, yenye ncha pana ya mviringo na kamba. Haikuwa nzuri kama ile. Alimfunga kamba, akamwambia atembee mpaka mlangoni, arudi, apande ngazi ya baraza, achuchumae. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Alinigeuzia mgongo, akamkabili mtoto, akamuuliza kwa Kinyarwanda, polepole, na akasubiri. Mtoto alinitazama. Nikatazama pembeni, kwenye rafu, ili awe huru. Kimya kikapita. Halafu akajibu maneno kadhaa, na mzee akaniambia: "Anasema cha kushoto kilegezwe kamba kidogo juu." Akailegeza. Mtoto akachezesha vidole ndani, nikaona ngozi ya kiatu inainuka na kushuka.

Nilipokuwa nalipa, mzee akanikabidhi ile karatasi ngumu yenye nyayo mbili. "Siku ile nilitaka kukuambia, mama. Mguu haupimwi na telefoni. Ukitaka kumuletea tena, leta hii, lakini kwanza uipime upya."

Hatukuchukua pikipiki mara moja. Mtoto alitaka kuniona nikiona ziwa, kwa hiyo tulitembea mpaka ufukweni. Tulipofika mchangani nikaanza kuvua viatu vyangu kwa mazoea ya Tanga. Yeye hakuvua vyake. Alikimbia navyo mpaka kwenye mstari wa maji, akageuka, akarudi mbio.

Siku nane baadaye nilikuwa Rusumo tena, safari hii nikielekea nyumbani. Ofisa wa forodha alifungua begi langu, akapita kwenye kahawa na kikapu cha agaseke, akatoa karatasi ngumu ya boksi la viatu. Akaigeuza akitafuta bidhaa. "Hii ni nini?"

"Ni miguu ya mwanangu," nikamwambia.

Sasa iko ukutani Ngamiani, imeandikwa tarehe ya Jumapili ile. Najua kwamba kila mwezi unaopita inazidi kusema uongo, kwa hiyo dada akipiga simu sisomewi tena namba ya soli. Namwambia amsimamishe mtoto juu ya karatasi mpya, achore, anitumie. Kisha naomba simu apewe mtoto mwenyewe, na ninamuuliza viatu vinaendaje. Mwanzoni alikuwa akijibu haraka, vizuri, mama mdogo. Siku hizi ninanyamaza baada ya jibu hilo la kwanza, ninasubiri, na mara nyingine linakuja la pili.